Mashindano Yameharishwa

TANGAZO RASMI KWA WANAFUNZI WOTE, WAPISHI, NA YEYOTE ANAYEJUA KUSOMA.

Mimi, Leonidas Mathayo, Mpeleka Habari Mkuu wa shule hii, mtu mwenye heshima zake, natangaza kwa huzuni kubwa kwamba nimesalitiwa.

Nimesalitiwa mchana kweupe, njia panda ya Mkiwa, mbele ya mwalimu, mwenye lori na kuku mmoja.

Msaliti huyo tumekula naye sahani moja tangu utotoni. Nitamtaja mwisho.

Haya nimeyaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa siwezi. Walio mbele ya ubao wasome kwa sauti. Walio nyuma wapunguze kusukuma.

Tuanzie pale palipoharibika.

"Shuka, Mama Urbano. Nakuomba."

"Sishuki."

Mama wa watu amekaa juu ya magunia ya karanga, ndani ya lori la Bwana Shantilal mwenye duka. Kuku kwapani. Kifurushi cha mizizi ya dawa mapajani. Anakwenda Manyoni kupanda treni ya Dar es Salaam, mji ambao hajawahi kuuona, kumuuguza mtoto ambaye hana hata mafua.

Na mimi niko chini, nimeshika ubavu wa lori kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie kwenye mtama.

Tulifikaje hapo? Tulieni.

Mnajua wote tulivyoyangoja mashindano ya nchi nne. Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Na safari hii tulikuwa na mtu wetu. Urbano, yule mrefu aliyejifunzia kudaka mipira hapa hapa kwetu, kwenye goli lenye kichuguu nyuma... amechaguliwa kuwa golikipa wa Tanganyika. Ni mtoto wa Mama Urbano, yule mama anayetuletea maziwa ya mgando kila Jumapili.

Tangu Urbano aondoke, mimi sikukalika.

Darasani nachora magoli. Kanisani nahesabu mabenchi, naona majukwaa. Chakula cha jioni nacheza mechi zote kwa maharage sahanini, Tanganyika wakiwa maharage mekundu.

"Leonidas, unakula au unacheza?" aliniuliza Gaspari. Huyu ni jirani yangu wa kitanda. Huamini kila anachosikia na hula kila anachokiona.

"Bado dakika za mwisho."

Akammeza mshambuliaji wa Unguja.

Sasa, redio ni moja tu hapa kwetu, ya Mwalimu Ezekieli. Kila Jumamosi jioni nakaa barazani kwake nasikiliza habari, na Jumapili wakati wa chakula cha mchana napanda juu ya benchi nawatangazia. Ndicho cheo changu. Sijawahi kukiomba, nilijipa mwenyewe, Mwalimu akachoka kukataa.

Jumamosi ile Mwalimu alikuwa amekwenda Kiomboi kwenye mkutano wa walimu.

"Usikilize vizuri," aliniagiza kabla ya kuondoka. "Neno kwa neno."

"Neno kwa neno, Mwalimu."

Redio ikakoroma. Ikakohoa. Ikaimba kidogo. Halafu katikati ya vurugu hiyo ikatoa neno moja ambalo, naapa, masikio yangu yalikuwa hayajawahi kukutana nalo. Sisi wa bara tunasema siku imesogezwa mbele, tumemaliza. Watu wa pwani wana maneno yao.

Mtu asiyelijua neno atafanya nini? Atalibeba kama alivyolisikia.

Jumapili nikapanda benchi. Nikakohoa kama redio.

"Mashindano ya nchi nne," nikasema, "yameharishwa."

Kijiko kikaanguka mahali fulani.

"Yame... nini?"

"Yameharishwa. Mpaka hapo itakapotangazwa tena."

Simeoni, kiranja wetu, mtu wa maswali, akasimama. "Mashindano yanaharishwaje?"

"Mimi ni mpeleka habari. Si daktari."

"Siyo mashindano," Gaspari akadakia. "Ni wachezaji. Wamelishwa kitu."

"Kitu gani?"

"Pweza."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona pweza. Lakini wote tulimjua.

"Ana mikono minane," Gaspari akaendelea, uso umemkauka. "Akifika tumboni anashika huku na huku. Sisi matumbo yetu yamezoea mlenda. Yatamwezea wapi?"

"Timu nne zote kwa pamoja?"

"Sufuria ilikuwa moja."

Bwalo zima likasukuma sahani mbele. Huyu anasema Wakenya wamefanya makusudi. Yule anasema Waganda ndio waliopika. Mpishi katoka jikoni na mwiko mkononi, anaapa yeye hajawahi kumharisha mtu, na watu wanamkumbusha Pasaka. Simeoni anataka twende kanisani tukaombe. Hakuna aliyetulia kwenye kiti chake.

Nikakunja mikono pale juu ya benchi, nikawatazama.

Nisichokitazama ni mlango.

Mama Urbano alikuwa amesimama pale na kibuyu chake cha maziwa. Alikiweka kibuyu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akageuka akaondoka.

Nilidhani anawahi nyumbani.

Asubuhi yake Dina, kitinda mimba wake, alikuja shuleni mbio. Kamasi, machozi, kila kitu.

"Mama kaondoka. Kachukua kuku, kachimba na dawa ya tumbo. Kasema anakwenda kwa Kaka Urbano."

"Anakwenda kwa miguu?"

"Kaelekea Mkiwa kudandia lori. Na ndege wameshaingia kwenye mtama. Mimi peke yangu siwawezi."

Hapo ndipo nilipojua alikokuwa anawahi jana.

Mnajua ndege wakiingia kwenye mtama uliokomaa wanavyofanya. Ukipepesa macho, shamba limebaki mabua. Na ule mtama ndio mwaka wao mzima, yeye na Dina.

Gaspari akachukua makopo mawili akakimbilia shambani kupiga kelele, kazi aliyozaliwa nayo. Mimi nikakimbilia Mkiwa.

Nilifika lori linasimama, limetoka Singida. Nikashukuru Mungu. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, akashuka abiria aliyekaa karibu na Bwana Shantilal...

Mwalimu Ezekieli. Anarudi kutoka Kiomboi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Shule imehamia Mkiwa?"

Wakati huo Mama Urbano ameshapanda nyuma na kuku wake. Sikuwa na njia. Nikamweleza Mwalimu kila kitu: redio kukoroma, neno geni, bwalo, pweza, mama. Akanisikiliza kichwa amekiinamisha, halafu akasogea kwenye lori.

"Mama Urbano, habari za nyumbani. Nadhani huyu alisikia vibaya. Watu wa redio wana neno, kuahirishwa. Maana yake mambo yamesogezwa mbele. Hakuna mtu aliyeharisha."

"Unadhani, Mwalimu?"

"Nadhani."

"Redio uliisikia mwenyewe?"

"Hapana. Nilikuwa safarini."

Mama akamgeukia Bwana Shantilal. "Na wewe mwenye duka? Redio yako ilisemaje?"

"Betri imekufa tangu wiki iliyopita, mama," akajibu Shantilal. "Nami nangoja habari kama wewe."

Basi macho yote yakanirudia mimi.

"Wewe ndiye uliyesikia," Mama Urbano akasema. Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Niambie, mwanangu. Redio ilisema hili neno lako, au hilo la Mwalimu?"

"La Mwalimu, mama. Nafikiri."

"Jana hukulijua. Leo umelijuaje?"

"Mwalimu amelitaja..."

"Kwa hiyo hujui. Redio ilikoroma, neno hulijui, umebahatisha jana na sasa unabahatisha tena."

Msomaji, jiweke mahali pangu. Nilikuwa nimejifungia kwenye chumba nilichokijenga mwenyewe.

"Huenda amehara, huenda hakuhara," akasema. "Mama hakai nyumbani na huenda."

"Lakini mtama, mama. Ndege wameingia. Dina yuko peke yake."

Macho yakamcheza. Akakibana kifurushi chake.

"Mtama utaota tena. Urbano nilimzaa mmoja."

Shantilal akapanda kwenye usukani. "Jamani, mimi treni inaniacha na mizigo ya watu." Akawasha injini. Magunia yakatikisika. Kuku akapiga kelele.

Nikaona lori linamchukua mama hadi Manyoni, treni inamchukua hadi Dar es Salaam, anatangatanga na mizizi yake kati ya majumba, anamuuliza kila mtu wapi wanapolazwa watu walioharishwa... na huku shamba linaliwa.

Nikaruka mbele ya lori. Mikono juu.

"Bwana Shantilal, tafadhali! Ahirisha safari kidogo tu!"

Mwalimu Ezekieli akageuka polepole, kama mlango wenye kutu.

"Rudia."

"Nimesema... angoje kidogo, Mwalimu."

"Siyo hilo. Lile la kwanza."

Shantilal akazima injini. Sidhani alifanya hivyo kwa ajili ya mama. Alitaka kusikia.

"Ahirisha," nikasema, kwa sauti ya chini.

"Neno ambalo hujawahi kulisikia."

"Limenijia sasa hivi, Mwalimu. Kutoka kwako."

"Mimi nimesema kuahirishwa. Wewe umelinyoosha, umelifupisha, umemwamuru nalo mtu mzima. Neno geni haliji likiwa limeshavaa viatu, Leonidas."

Mama Urbano alikuwa ameinama juu ya ubavu wa lori, ananitazama. Na hapo nikaona jambo ambalo ningeliona mapema kama ningekuwa na akili. Nikiendelea kusema nilisikia vibaya, huyu mama atakwenda, kwa sababu aliyesikia vibaya hana la uhakika. Kitu pekee cha kumshusha ni mimi kuwa mwongo.

"Nilisikia vizuri, mama," nikasema.

"Sema tena."

"Redio haikukoroma hata kidogo. Ilisema yameahirishwa, wazi kama kengele ya shule. Ikaeleza kwamba tarehe mpya haijapangwa. Haikumtaja mgonjwa. Haikutaja chakula. Nilibadilisha mwenyewe. A na H nikazibadilishia viti, I nikaifukuza shule."

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni Shantilal. Mwalimu alikuwa bado anapumua.

Nikajaribu kueleza. Nawaeleza na ninyi, kwa sababu mlikuwemo bwaloni.

Kufungwa kuna siku yake. Unafungwa, unalia, unalala, unaamka unaongopa kwamba mwamuzi alihongwa. Kushinda nako kuna siku yake. Lakini kuahirishwa hakuna siku. Ni kama mtu amekualika, umeoga, umevaa, umekaa mlangoni, halafu anakuambia endelea kukaa hapo hapo na viatu vyako. Nilipolisikia neno lile barazani kwa Mwalimu, nilizunguka ile nyumba mpaka mbwa wake akachoka kunifuata. Nikajua kesho nikipanda benchi nikasema yameahirishwa, mtasema "aa, sawa," na mtaendelea na mlenda. Nitabaki peke yangu na maharage yangu mekundu.

Nilitaka na wengine wasikalike. Basi.

"Kwa hiyo," Mama Urbano akasema, "tangu mwanzo ulijua mwanangu ni mzima."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimelia usiku kucha."

"Ndiyo, mama. Nisamehe, mama."

Akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo sitalitafsiri, ubao huu ni wa misheni. Kisha akaninyooshea kuku.

"Shika."

Nikashika. Akashuka. Alipogusa ardhi alikaa hapo hapo kando ya barabara, akafunika uso kwa khanga. Mwalimu akatazama pembeni. Shantilal akajifanya anakagua tairi. Mimi sikuwa na pa kutazama, nikamtazama kuku.

Alipoinuka alikuwa mkavu.

"Mwalimu, huyu namwomba."

"Mchukue, mama. Nikimaliza naye mimi kwanza. Adhabu yangu haiahirishwi."

Ndiyo maana nimesimama.

"Na shambani kwako alinde ndege mpaka lini?" Mwalimu akauliza. "Mpaka mtama uvunwe?"

Mama Urbano akafikiri. Alikuwa amelisikia tangazo langu lote siku ile pale mlangoni, na kumbe hakusahau hata neno.

"Mpaka hapo itakapotangazwa tena," akasema.

Basi kila siku baada ya masomo niko kwenye mtama na makopo ya Gaspari, nikipiga kelele kwa ndege ambao hawajui mpira. Dina ndiye msimamizi wangu. Ni mkali kuliko Mwalimu. Mtama ukivunwa, mama amesema, kuna karanga, na baada ya karanga kuna vichuguu vya kubomoa. Hakuna mtu katika Tanganyika nzima anayeomba mashindano yale yachezwe kama ninavyoomba mimi.

Niliahidi kumtaja msaliti. Ni huu mdomo wangu.

Funzo: neno likipita kwako, lipitishe na herufi zake zote. Huwezi kujua nani amesimama mlangoni na maziwa yako.

Na jambo la mwisho. Mwalimu amelisoma hili kabla halijabandikwa, amepiga mstari chini ya mahali fulani, akaniuliza kama na huu ni ukweli. Rudini kule juu, pale nilipoapa kwamba redio ilikoroma na masikio yangu hayajawahi kukutana na neno lile. Mlipita hapo mkaniamini.

Nalo nililitunga. Nisameheni.