Weupe Ulioachwa na Mama

Karatasi ilikuwa mbichi. Hilo ndilo lililomshtua mchoraji siku alipofungua chumba cha kazi cha marehemu mama yake. Mama alikuwa ameshazikwa miezi kadhaa, chumba kimefungwa muda wote huo, na rangi za maji, jamani, hukauka hata chai haijapoa. Aligusa pembe ya picha, kidole kikatoka na buluu.

Picha yenyewe ilikuwa ya vitu vya mezani tu: birika la bati, ndimu mbili, kitambaa cha buluu kilichokunjwa ovyo. Vyote bado vilikuwa pale mezani, isipokuwa ndimu zilikuwa zimesinyaa. Lakini upande wa kulia wa birika, kwenye karatasi, palikuwa pameachwa peupe, ukubwa wa kiganja. Wanaotumia rangi za maji wanalijua hili: nyeupe haipakwi, huachwa. Ukishaifunika, ndiyo basi, hairudi. Mama alikuwa amepaacha makusudi, ila kwa ajili ya nini, hakumwambia mtu. Alikutwa amekufa kitini, brashi mkononi.

"Utaimalizia?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni, binti yao amempanda mabegani.

"Ndiyo picha yake ya mwisho. Siwezi kuiacha na tundu."

"Basi amua upesi, mwenzio shingo inakatika. We Kibonge, bibi yako alikuwa anakulisha saruji?"

Kibonge alicheka mpaka akapiga kwikwi. Alikuwa na miaka mitano, nywele zimefungwa vishungi viwili, mzito haswa, mtoto wa kubebwa kwa kukunja magoti kwanza na kusema bismillahi. Ndiye pekee aliyeruhusiwa kuingia chumba kile bibi akiwa kazini.

Mchoraji aliamua pale pawe na embe. Alichagua moja bivu, akaliweka kando ya birika, akalichora mchana kutwa. Lilitoka zuri hata akajisifu. Asubuhi yake karatasi ilikuwa nyeupe pale pale, safi, bila hata alama ya njano, na embe la mezani lilikuwa bado linang'aa. Alilinyanyua, mkono ukaruka juu, nusura alirushe darini, maana halikuwa na uzito hata kidogo. Alipolipasua alikuta ganda tu. Nyama hamna, kokwa hamna. Ndani mlitoka harufu ya nywele zilizoungua.

Angekuwa mwingine angefunga mlango na ufunguo akautupa chooni. Yeye alikuwa mbishi kama mama yake. Akasema ni wadudu, akachora kikombe. Kesho yake peupe tena, na kikombe chenyewe kikapukutika mkononi mwake kama ganda la yai.

Mchana huo huo alikuwa jikoni anakatakata vitunguu aliposikia ting, ting, ting. Aliijua sauti ile tangu utotoni: brashi inagongwa kwenye ukingo wa bilauri ya maji kukung'utwa.

"Kibonge! Toka humo, usichezee vitu vya bibi!"

"Mama, mimi niko hapa."

Kweli, alikuwa chini ya meza ya jikoni, anamlaza mwanasesere. Kisu kikamponyoka mchoraji.

"Ni yule wa bibi," mtoto akasema, tena kwa sauti ya chini. "Ana njaa. Alitaka bibi anichore mimi, bibi akasema hapana. Akakasirika."

Mchoraji aliogopa. Akakaa sakafuni na kumkumbatia mtoto, na muda wote huo kule chumbani bilauri iliendelea kugongwa, ting, ting, taratibu, kama mtu aliyeitisha chakula na ana hakika kitaletwa.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, aliyefika na mwavuli na leso. Pamoja na mafua yake, alipofika kizingitini aliziba pua.

"Mama yako alikuwa anamlisha," alisema. "Ndiyo maana picha zake watu walikuwa wanatamani kuzila. Zamani alitosheka na matunda. Sasa anataka kinachopumua. Mama yako alimnyima, naye akamchukua yeye."

"Tuichome?" mume akanong'ona.

"Ukichoma mlango, baba, nyumba inabaki wazi. Hapo peupe ndipo mdomo wake. Pazibeni. Ila pazibwe na kitu kisicholika, kisicho na uzito, kitu ambacho hata kikipotea hakuna atakayelia. Akiuma hewa, atakauka aende zake."

"Kitu gani hicho?" mchoraji akauliza.

"Mchoraji ni wewe au mimi? Ila chora cha kichwani mwako. Usichukue cha mtu."

Hakulala akiwaza. Asubuhi akapata: kivuli. Kivuli cha birika. Nani ameshawahi kula kivuli? Akamwambia mumewe ampeleke Kibonge kwa shangazi yake na wasirudi mpaka awaite. Aliwasikia wakitoka, mtoto akilalamika juu ya ndara zake.

Akakaa kwenye kiti cha mama. Jua liliingia kwa dirisha lililokuwa nyuma ya bega lake la kushoto, likamulika meza yote. Alichanganya buluu na kahawia, na brashi ilipogusa maji ile harufu ya nywele ikamjaa kooni, bilauri ikaanza kulia yenyewe bila mkono, ting, ting, ting, kwa haraka zaidi kila alipoikaribia karatasi, na kitu kikamhemea shingoni kwa pumzi baridi yenye unyevu, naye, kichwa kimebaki kitupu, akashika kile kimoja tu alichobaki nacho, yaani fundisho ambalo mama alimpigia kelele nalo tangu akiwa mdogo, kwamba usichore unachokijua, chora unachokiona. Basi akainua macho mezani, akakiona kivuli kimelala pale juu ya kitambaa, kimekolea vizuri, akaufuata ukingo wake mpaka mwisho.

Weupe ukanywa rangi. Bilauri ikanyamaza. Karatasi nzima ikakauka mbele ya macho yake, ikakakamaa kama shati lililotiwa wanga, na harufu ikaisha. Mchoraji akalia kwa furaha, kamasi na machozi, akimwambia mama yake kwamba imekwisha.

"Mama, umemaliza?"

Aligeuka. Kibonge alikuwa nje ya dirisha, amepanda juu ya tofali, ndara moja mkononi. Mume akapaza sauti kutoka njiani: "Amesahau kiatu huyo! Tunaondoka sasa hivi!"

Mchoraji akaitazama picha. Kivuli alichokichora kilikuwa na kichwa cha mviringo na vishungi viwili vya nywele. Birika halina vishungi.

Akatazama meza. Jua lilikuwa linawaka juu ya kitambaa, mtoto amesimama dirishani katikati ya jua hilo, na kitambaa kilikuwa kinang'aa kwa mwanga kote, hakuna kivuli kilichokatiza. Akachukua sponji, akasugua picha, akasugua mpaka karatasi ikachanika manyoya. Rangi haikutoka.

"Mama, nibebe. Nasikia usingizi."

Alikimbia dirishani. Akakunja magoti kama kawaida, akampitisha mikono kwapani, akasema bismillahi na kuvuta kwa nguvu zake zote, na nusura amrushe darini.