Mkia wa Sato

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Justa alifagia mgahawa wa mama yake mkubwa, Sabina, katika mtaa wa Mirongo karibu na ziwa. Siku hizo kila aliyeweza alikuwa akifungua biashara yake, na kuta za mtaa mzima zilipakwa rangi mpya. Mama Sabina naye alitaka picha ya sato mkubwa, samaki wa ziwani, ukutani. Alimnunulia Justa rangi na brashi, akamwambia aende kwanza mwaloni, samaki wanakoshushwa, akamtazame sato vizuri.

Justa, mwenye miaka kumi na miwili, alijulikana darasani kwa kuchora. Lakini tangu mama yake mzazi afariki, miezi minane iliyopita, hakuwa amechora kitu. Mama yake alikuwa akiuza samaki mwaloni, na Justa hakukanyaga tena huko. Basi akashusha kalenda yenye picha ya samaki wa baharini, akamnakili ukutani kwa siku mbili.

Jumatano alasiri, Justa akiwa ametoka shule, walikuja wateja walioshuka kwenye meli kutoka Nansio. Mmoja wao, mvuvi aitwaye Ngosha, aliacha kula akautazama ukuta.

"Mama Sabina, huyu sato umemtoa ziwa gani? Mkia umepasuka kama mkasi."

Mwenzake akasema labda kaponyoka mdomoni mwa mamba. Meza nzima ikacheka. Mama Sabina akamwuliza Justa kama kweli alikwenda mwaloni. Justa akajibu kwamba alikwenda. Mama Sabina aliitazama kalenda, akautazama ukuta, wala hakugomba. Alisema tu kwamba Jumamosi atamwita fundi aje kuifuta picha ile na kuchora nyingine.

Justa alirudi jikoni, akaosha sahani. Picha kufutwa ilimuuma, lakini uongo ulimuuma zaidi. Wateja walipoondoka, akamfuata mama yake mkubwa.

"Mama, nilikudanganya. Sikwenda. Naogopa kumtafuta mama pale kwenye beseni lake la samaki, halafu nisimwone."

Mama Sabina akavuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Unadhani kwa nini samaki wangu wanaletwa hapa mlangoni? Hata mimi sijafika kule tangu afariki. Kesho twende wote."

Alfajiri ya Alhamisi waliteremka hadi ziwani wameshikana mikono. Rozina, aliyekuwa akiuza samaki pamoja na marehemu, aliitikia shikamoo ya Justa, kisha akaweka sato hai kwenye ndoo ya maji mbele yake. Akamweleza kwamba mama yake alikuwa akianza kwa kulitazama jicho la samaki kabla ya kutaja bei.

Justa alikaa juu ya jiwe na daftari lake. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Alipoweza kuona vizuri, akaanza na jicho. Kisha akauchora mgongo, uliokuwa kijivu kwenye kivuli na kijani juani, na mkia mpana kama upepeo wa kupepea mkaa, wenye mistari myembamba iliyosimama. Ndege weupe walitembea juu ya magugumaji yaliyochanua maua ya zambarau, naye akawachora pia, bila kuambiwa na mtu. Ijumaa aliomba kurudi. Safari hiyo alitangulia mbele.

Jioni ile alipaka ukuta chokaa, na Jumamosi asubuhi akachora upya. Mama Sabina alikuwa ameahirisha kumwita fundi. Ngosha alipoingia kula, alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu, akasema, "Huyu namjua. Nimemvua mara nyingi."

Mama Sabina alimwita Justa, akaketi naye kando.

"Mwanangu, kuchora ulikuwa unajua siku zote," alisema. "Lakini ulitaka kuchora kitu huku umekifumbia macho, na ndiyo maana picha ikakataa. Ulipokuja kusema kweli, ulituponya wawili. Kuanzia leo, ukiogopa kitu, usikifiche. Niambie, tutakwenda kukitazama pamoja."

Justa aliitikia kwa kichwa, akaomba wiki ijayo aanze ukuta wa nyuma. Alitaka kumchora mama yake, na uso wake alikuwa akiukumbuka wote.