Jina Ndani ya Bomba

Sinki la jikoni lilicheua, kisha likaitika.

Fundi alikuwa amepiga magoti, kichwa amekiingiza kabatini chini ya sinki, akikagua bomba lililoziba tena ndani ya mwezi mmoja. Alimsikia mama mwenye nyumba akimwita binti yake wa miaka sita aje kumsalimia. Mtoto hakuitika. Ila ndani ya bomba, karibu kabisa na sikio la fundi, kisauti chembamba kikasema, "Abee, mama."

Alijigonga kichwa akitoka. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, mdomo kaufumba, akimtazama.

"Tangu lini?" fundi akanong'ona.

"Tangu siku ile ulipokuja kuzibua," mama akajibu.

Akaeleza kwamba daktari wa koo hakuona kitu. Mtoto huyu alikuwa hajui kunyamaza, kutwa kucha maneno, na sasa hata akianguka analia bila sauti. Anapoitwa, huitika sinki.

Fundi akakumbuka. Siku ile alikuja peke yake, na nyumba ilikuwa kuukuu, hakuna ajuaye bomba lipi linatokea wapi. Mafundi wana njia yao: mmoja anaita kwenye tundu ndani, mwingine anasikiliza kwenye chemba ya majitaka nje. Alimwomba mtoto aite kwenye tundu la bafuni, tena ajiite kwa jina lake mwenyewe, mara tatu. Aliyemfundisha kazi alimkanya miaka mingi nyuma: bombani huitwa "maji" tu, jina la mtu halitajwi. Yeye aliona huo ni ushamba mtupu.

Akatoka uani, akafunua chemba iliyokuwa chini ya mti mkubwa. Alitarajia uvundo. Alichokutana nacho ni harufu ya mafuta ya nywele, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kusukwa. Mizizi ilikuwa imejaa bombani, myembamba, myeusi, na mingine ilikuwa imesukwa mitatu mitatu, sawasawa na nywele za yule binti. Mwili ukamsisimka, lakini kazi ni kazi, akachukua msumeno akakata mmoja.

Mama akapiga yowe ndani. Mtoto alikuwa ameshika koo, akitapika maji meusi yenye udongo, na fundi akautupa msumeno chini akabaki ameinama juu ya lile shimo, akiisikia mizizi ikijikunja taratibu gizani huku kisauti kikirudia jina la mtoto, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena, kwa kicheko kilekile alichokisikia siku ile akadhani ni cha mtoto peke yake.

Bibi wa mtoto ndiye aliyemsogelea. Watu waliosumbuliwa na majini walikuwa wakimfuata bibi huyo kwa tiba, lakini nyumbani kwake alipowaambia kwamba mti ule una mwenyewe, hakuna aliyemsikiliza. Akachuchumaa, akasemesha shimo, akatega sikio.

"Anasema hakuiba, baba. Alipewa."

"Mwambie arudishe."

"Atarudisha akipata jina jingine. La mtu mzima, alitaje mwenyewe kwa hiari yake."

Fundi alimfikiria mkewe. Miaka thelathini mwanamke huyo humwita kwa jina kila jioni, naye huitika kabla hajalimaliza. Aliogopa, aliogopa sana, na angeweza kufunga mkoba wake akaenda zake. Lakini mtoto alikuwa amekuja hadi kizingiti cha mlango, tope likimchuruzika kidevuni, na kosa halikuwa la mtoto.

Akainama, akataja jina lake mara tatu.

Mizizi ikalegea. Maji yakashuka yote kwa mkupuo mmoja, na nyuma yake mtoto akaita, "Mama!" akaanza kulia kwa sauti kubwa. Mama akamkumbatia, akalia naye. Bibi hakumtazama fundi usoni.

Jua lilikuwa halijazama alipofika kwake. Mkewe alikuwa jikoni, amempa mgongo, akiosha vikombe. Alisikia mlango, akamwita kwa jina aje wale.

Fundi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Naam, mke wangu," sinki likaitika. "Nakuja."

Mkewe akacheka, mikono ikiwa bado majini. "Umejificha wapi wewe leo?" akasema, akainama kuchungulia tunduni.