Pakiti Fupi na Mzee Mizani

Siku hiyo mjinga alikuwa Wakili. Tuseme mapema, ili asije akasingiziwa mwingine. Ujinga wenyewe hakuuazima kwa mtu. Ulikuwa wake, mbichi kabisa, na aliubeba mpaka dukani kwenda kuuonyesha watu.

Wakili halikuwa jina lake la darasani. Mama yake ndiye aliyembandika, kwa kuwa msichana huyo hakukubali kushindwa kwa maneno. Ukimwambia aoshe vyombo, alitaka kwanza kujua ni nani aliyevichafua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mirefu na ulimi mrefu zaidi.

Kila Jumamosi asubuhi alitumwa unga. Mama yake alikuwa mwoka mikate, na kiwanda chake kilikuwa chumba cha nyuma: tanuri, mikebe ya kuokea iliyopangwa ukutani, na meza ya mbao iliyolainika kwa kukandiwa juu yake. Mwenye hoteli ya pale kona aliichukua mikate ikiwa bado ya moto. Kikombe cha kupimia hakikuwepo. Tangu Wakili hajazaliwa, kipimo cha mama kilikuwa kilekile: pakiti mbili za unga kwa jagi moja la maji, lile jagi la bluu lililovunjika mkono.

Jumamosi hiyo donge lilikataa kuwa donge. Lilinata vidoleni, likatambaa mezani, likaanza kuchuruzika kuelekea sakafuni kama lina safari.

"Wewe!" mama aliita. "Unga umeumwaga njiani?"

"Mimi? Mama, pakiti zilikuwa hazijafunguliwa hata kidogo! Umezifungua mwenyewe."

"Basi umeongeza maji nilipogeuka."

"Sijagusa jagi!"

"Hebu niondokee. Mikate ya watu ishaharibika, nawe una la kujibu."

Maneno hayo yalimchoma Wakili. Kwa mara ya kwanza alikuwa hana kosa, na hakuna aliyemwamini. Aliitazama pakiti ya tatu aliyoinunua asubuhi hiyo, iliyobaki mezani, akainyanyua, akaipima kwa mkono. Nyepesi! Basi mwizi amepatikana. Aliikumbatia ile pakiti, akatoka mbio.

Duka lilikuwa la mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mizani. Juu ya kaunta yake palikuwa na mizani ya sahani mbili, ya zamani, iliyong'arishwa mpaka ukaweza kujitazama meno. Alipokupimia sukari, alisubiri sahani zitulie kabisa, kisha akakuongezea kidogo. Watu walivuka maduka mengine kumfuata yeye.

Asubuhi hiyo duka lilijaa wateja. Wakili alijipenyeza mpaka mbele. Hata shikamoo aliisahau nyumbani.

"Babu, kwa nini unatupunguzia unga?"

Wateja wakageuka. Mzee Mizani alivua miwani. "Mjukuu wangu, unasemaje?"

"Pakiti zako nyepesi! Unazifungua, unachota, kisha unazigundisha tena. Mikate ya mama imeharibika kwa sababu yako!"

"Mimi nauza kama zinavyoletwa," mzee alisema taratibu. "Lete tuiweke kwenye mizani, wote tuone."

Hapo ndipo Wakili alipopewa mlango wa kutokea, akaupiga teke.

"Mizani yako, mawe yako, duka lako! Itasema nini zaidi ya unachotaka wewe?"

Mtu mmoja akacheka. Wakili alisikia kicheko kile kikimpanda kichwani kama soda. Mshona nguo wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akipimiwa sukari, akairudisha juu ya kaunta. "Kumbe ndiyo maana sukari yangu haifiki mwisho wa wiki," akasema, akatoka. Wawili wengine wakamfuata. Mzee Mizani alichukua kitambaa akafuta sahani ya mizani yake, sahani ambayo haikuwa na vumbi.

Wakili alirudi nyumbani kifua mbele. Alimkuta mama amekaa mbele ya pakiti mbili tupu. Moja ilikuwa ya leo. Nyingine ilikuwa kuukuu. Mama alikuwa na desturi ya kuzihifadhi na kuzikata, azitandike ndani ya mikebe ili mikate isigande.

"Njoo uzitazame hizi."

Zilifanana kama pacha. Mwanamke yuleyule anayecheka, suke lilelile la ngano, rangi zilezile. Mama akazisimamisha bega kwa bega. Pacha mmoja alikuwa mfupi.

"Sasa soma hapo chini kabisa."

Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya sisimizi. "Hii ya zamani, kilo mbili," Wakili alisoma. "Na hii mpya... kilo moja na gramu mia nane." Akaisoma tena. "Lakini bei ni ileile, mama. Nimelipa ileile."

"Ndivyo walivyofanya huko kwenye kiwanda cha unga. Bei wameiacha, unga wameupunguza, picha hawakuigusa ili tusishtuke. Mimi nikamwaga jagi zima la maji kama kawaida." Mama akamshika mkono. "Nilikusingizia, mwanangu. Nisamehe. Ulikuwa wapi?"

Wakili alitamani sakafu ifunguke. Alisimulia yote, mpaka kile kicheko. Mama akafumba macho.

"Yule mzee? Aliyenikopesha unga baba yako alipolazwa?"

"Nitakwenda kumwomba msamaha, mama. Jioni, akishafunga duka. Nimvute pembeni..."

"Kwani ulimtukana pembeni?"

Wakili alizichukua zile pakiti mbili tupu bila kubisha, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Walikwenda pamoja, saa ya wateja wengi. "Shikamoo babu," Wakili alisema, mbele ya watu wote. "Mimi ndiye niliyekosea. Hukuiba. Pakiti imepunguzwa kiwandani, na imeandikwa. Mimi sikusoma." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Marahaba," Mzee Mizani alijibu. Alishusha pakiti mbili za unga kutoka kwenye rafu, akazipima moja baada ya nyingine, watu wakaona kila moja ni kilo moja na gramu mia nane, kama ilivyoandikwa. Kisha akazitundika zile tupu juu ya kaunta, ndefu na fupi, ili kila anayenunua ajionee. Akaungama kwamba hata yeye hakuliona badiliko hilo alipozipanga kwenye rafu.

Mama alinunua mizani ndogo ya nyumbani. "Kuanzia leo tunapima, hatukisii," alimwambia Wakili. "Na ukidhani mtu amekuibia, pima kwanza, kisha umuulize, tena kwa sauti ya chini. Kelele ni rahisi kuitoa, kuirudisha ndiyo kazi." Mikate ikarudi kuumuka. Mwenye hoteli akaisahau ile iliyoharibika.

Mshona nguo hakusahau. Wakili alimfuata kwenye cherehani yake, akamweleza kila kitu. Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Sawa, nimekuelewa. Lakini mimi nimeshazoea duka la kule mbele." Wengine pia waliendelea kupita na vikapu vyao kwa haraka, wakiangalia upande wa pili.

Sasa kila Jumamosi Wakili alifika dukani mapema, akafagia barazani bila kuambiwa. Siku moja, akiwa ameegemea ufagio, alimwona mshona nguo akipita tena na sukari ya duka jingine. Uvumilivu ukamwishia.

"Babu, mimi si nimeshaomba msamaha? Mbele ya watu! Mbona hawarudi, na lawama zote zinaniangukia mimi? Wenye kosa ni wale wa kiwandani. Wao ndio waliopunguza!"

Mzee Mizani alisubiri sahani za mizani yake zitulie. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Wao walipunguza unga, mjukuu wangu. Jina langu ulilipunguza wewe."