Buibui Aliyemwagwa Jalalani

Kila akitoka shule, Bi Kinyaa alivua sare, akala haraka, kisha akaenda uani kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alipewa na kaka yake, maana hata utando wa maziwa ulimtia kichefuchefu. Shangazi alikuwa mtafiti wa buibui. Alizoa majani yaliyooza msituni, na kazi ya Bi Kinyaa ilikuwa kuyachekecha juu ya shuka jeupe ili wadudu waanguke waonekane.

Siku hiyo gunia lilikuwa limelowa. Alipotia mkono tu, konokono asiye na gamba akamganda kidoleni kama kamasi. Jongoo naye akajikunja kiganjani, akamwachia majimaji ya njano. Akatazama huku na huku, akalimwaga gunia zima jalalani.

"Umepata nini?" shangazi alimwuliza baadaye.

"Hamna kitu, shangazi."

Shangazi akashusha pumzi. Msimu mzima alikuwa akimtafuta jike wa buibui mrukaji, yule mdogo wa msituni. Dume alikuwa naye tayari. "Basi. Kesho nitawaambia wenzangu jike hayupo upande ule wa msitu, tuache kutafuta."

"Shangazi, sikuchekecha. Nimeyamwaga jalalani."

"Jalala lile lile lenye matumbo ya samaki?"

"Ndilo."

"Pole. Kachukue chekecheke."

Wakatandika shuka kando ya jalala, wakainama wote wawili. Maji ya uvundo yalimchuruzika binti hadi kwenye kiwiko, funza wakampenya katikati ya vidole. Alitapika, akajifuta mdomo, akaendelea.

"Ukikutana na kichwa cha samaki, nisalimie," kaka yake alimtania kutoka dirishani.

Ghafla kitu kidogo kama punje ya ufuta kiliruka kwenye shuka, kikageuka, kikamkodolea macho mawili makubwa. Shangazi akakifunika kwa kichupa upesi.

"Jike," alinong'ona.

"Bado ananitia kinyaa," binti alisema.

Shangazi akacheka. "Kinyaa si kosa, mwanangu. Hata mimi jongoo simshiki bila kijiti. Ungeniambia, ningekupa glavu. Lakini uliposema hamna kitu, ulitaka kunipeleka kwa wenzangu nikaseme uongo huku nikiamini ni kweli. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutasaidiana. Haya, nenda kaoge. Unanuka kuliko gunia."