Sindano Tatu Ukosini

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Kelud nilipofunika meza yangu ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni, nikaenda kwa Mbah Rukini, yaani Bibi Rukini, kukwaruzwa upepo. Kijijini kwetu kila mtu hukwaruzwa. Mwili ukiwa na baridi isiyoisha, unalala kifudifudi, unapakwa mafuta ya nazi, unaburutiwa sarafu mgongoni mpaka ngozi itoke mistari myekundu kama mkeka. Upepo mbaya unatoka, unakwenda zake.

Baridi yangu ilikuwa ya siku tatu. Ilinianza siku tulipomzika Kasdi.

Kasdi alikuwa mume wangu. Nilimkimbia miezi minane kabla, siku aliponivunja bega kwa mchi. Nilihama mara nne, na mara nne alinipata, hata kule ambako sikumwambia mtu. Hakuuliza njia. Alikuja moja kwa moja, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Mara ya tano lori la miwa likamkuta barabarani na pikipiki yake, akija kwangu.

Mazikoni nilikwenda. Jeneza likiwa uani, imamu akauliza kama ilivyo desturi: "Jamani, marehemu mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!" watu wakaitikia.

Imamu akauliza tena, akinitazama. Mama mkwe akanifinya ubavuni. "Sema, we mwanamke!"

"Sijamsamehe," nikasema, kwa sauti yangu ya sokoni. "Sitadanganya mbele ya maiti. Mzikeni tu, mimi simo."

Palichafuka. Wifi yangu alinitupia kandambili, ikampata imamu. Nikaondoka na kichwa juu.

Jioni hiyohiyo, adhana ya magharibi ilipokwisha, nikasikia nyayo nyuma ya chumba changu. Zikazunguka. Zikasimama. Asubuhi nikakuta alama za vidole mkononi mwangu.

Vitano. Vibichi.

Basi kijiji kikapata la kusema: hakusamehewa, hapumziki.

"Vua blauzi, lala," Mbah Rukini akaniambia. Ni mjane wa sitini na kitu, mwembamba, vidole vyake kama koleo. "Yaani wewe! Neno moja tu, ungelisema hata kwa pua. Watu wanasamehe hata mwizi wa kuku."

"Mwizi wa kuku hakunivunja bega, Mbah."

"Ulimi huo! Ndiyo maana tempe yako haihitaji pilipili." Akacheka mwenyewe. "Ungenipa mimi huyo mume. Nina miaka ishirini peke yangu, hata mbu akiingia chandaruani namkaribisha chai."

Nilicheka. Mara ya kwanza kwa siku tatu.

Sarafu ikapanda mgongoni. Kraa... kraa... Ikapita bega lililovunjika, ikafika ukosini.

Tik.

Mkono ukasimama. Akagusa tena, polepole.

Tik. Tik.

"Ngatinah," akanong'ona. "Nani kakuwekea?"

"Mwenyewe."

Sina haja ya kuficha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Kasdi alikuwa mwimbaji wa harusini, wasichana wote wanamtolea macho. Nilipanda hadi kwa mganga upande wa pili wa mlima. Akanipachika sindano tatu za dhahabu chini ya ngozi ya ukosi, nyembamba kama mguu wa sisimizi, akasoma jina la Kasdi juu ya kila moja. Wiki haikuisha, posa ikaja. Kwetu wenye sindano ni wengi, waimbaji na wenye maduka, na hakuna anayesema. Miaka kumi na minane nilikuwa nimezisahau, kama mtu anavyosahau kovu la utotoni.

"Mjinga we!" Mbah akanipiga kofi la mgongo. "Unakimbia, unahama, na kamba umejifunga mwenyewe! Hizi ndizo zilizokuwa zikimleta. Na amekufa, bado zinamvuta."

"Zitoe."

"Nitazitoa. Jifanye jiwe."

Akaweka sufuria ya majani ya mlonge jikoni. Kwetu ndiyo dawa ya vitu hivyo. Hata maiti mwenye sindano asipooshwa kwa mlonge, roho yake inakwama. Akatafuta wembe mpya kwenye kopo la vifungo. Maji hayajachemka, adhana ikaanza. Sikuwahi kusikia adhana ndefu kama ile, na bado niliomba isiishe.

Ikaisha.

Srrr...

Nje, juu ya changarawe, kitu kilikuwa kinaburutwa.

Srrr... srrr...

Harufu ikatangulia. Karafuu maiti. Udongo mbichi. Chini yake, kitu kitamu kama embe lililooza.

"Dik..."

Dik, mdogo wangu. Ndivyo mume wa kwetu anavyomwita mkewe. Kasdi aliniita hivyo kila mara kabla ya kunipiga, kwa upole, kama anayebembeleza mtoto.

"Dik... twende nyumbani."

"Usimwitikie," Mbah akanong'ona. Akazima taa. Kosa kubwa! Kukabaki moto wa jikoni peke yake, na kivuli cha kila kitu kikawa kirefu.

Ukuta wa Mbah ni wa mianzi iliyosukwa. Mkono ulipenya pale kichwa changu kilipokuwa, bila kupapasa, ukazishika nywele zangu. Ukavuta. Ukuta mzima ukapasuka nikavutwa nje nusu mwili, mianzi ikinichana kifua. Nikapiga mayowe. Nikang'ata. Jino langu likazama kwenye nyama baridi, na mdomo wangu ukajaa udongo.

Akaingia kwa tundu lile, akinisukuma mbele yake. Sanda imekatika magotini. Upande mmoja wa kichwa haukuwa tena na umbo. Lori halikubakisha kitu. Pamba ilikuwa bado puani. Lakini macho! Macho yalikuwa yaleyale, yenye huruma.

Alinipiga ngumi ya tumbo, kisha ya sikio, kisha akanikalia kifuani na kunikaba koo. Hakuwa na haraka. Alikuwa akijua kila mahali ambapo nilishawahi kuvunjika, na alipita pote.

"Msamehe!" Mbah alikuwa analia pembeni. "Sema, mwanangu! Atakuua! Sema umemsamehe!"

Na mimi, mwenye kiburi cha ukweli, nilidanganya. Pumzi ikikatika mtu hana msimamo.

"Nime... kusamehe."

Akatabasamu. Vidole vikakaza, vikanona. Nikaelewa hapohapo, masikio yakinilia: kumbe hicho ndicho chakula chake. Nilikuwa nimemsamehe mara ngapi alipokuwa hai? Kila Ijumaa. Kila baada ya uvimbe. Nilimsamehe mpaka akanenepa.

Mkono wangu ulikuwa sakafuni, ukitapatapa. Ukakuta wembe.

Sikumkata yeye. Nyama ile ingekatwa mpaka asubuhi isisikie. Nilipeleka mkono nyuma ya shingo yangu mwenyewe nikachana. Damu ikamwagika moto. Nikaingiza kucha ndani ya kidonda, nikatafuta, nikashika kitu chembamba kinachoteleza, nikavuta.

Ya kwanza.

Mkono wake mmoja ukaachia koo langu, ukaning'inia kama si wake.

Ya pili ilikuwa imenasa kwenye mshipa. Nilivuta nikaona weupe mtupu, nikajikojolea, nikavuta tena. Ikatoka na kipande cha nyama. Kasdi akalegea, akainama, uso wake juu ya wangu. Pamba ya puani ikaniangukia mdomoni.

"Dik..." akasema, lakini kwa mashaka, kama mtu aliyesahau maneno ya wimbo.

"Ya tatu, Mbah! Siifikii!"

Mbah Rukini, Mungu ampe anachostahili, alitambaa kwenye damu, akanigeuza kichwa, akaweka mdomo ukosini mwangu, akaing'oa kwa meno.

Uzito ukaondoka kifuani. Kasdi akasimama. Akatazama tundu la ukuta, moto, sisi wawili tulivyolowa damu. Akanitazama mimi vizuri, tangu miguuni mpaka usoni, kama unavyomtazama mtu wa stendi.

"Samahani, mama," akasema kwa adabu. "Nimekosea nyumba."

Akatoka. Srrr... srrr... Mpaka changarawe ikaisha.

Nilimwambia Mbah azitupe sindano mtoni. Alikuwa ameshazifuta kwa upindo wa kitenge chake. "Nitatupa kesho, kukiwa na mwanga," akasema, akazifunga kwenye leso. Nami sikuuliza zaidi. Nilikuwa mbali nazo, yatosha.

Nikapona. Si kwa siku moja. Kidonda cha ukosi kilitoa usaha wiki mbili, na koo lilinifanya niongee kama chura. Kwenye kioo nikamkuta mwanamke wa miaka thelathini na saba mwenye pua pana, ambaye sikuwa nimemwona siku nyingi. Hapendezi sana. Nikamzoea. Nikagundua kwamba napenda kahawa isiyo na sukari. Miaka yote nilikunywa tamu kwa sababu yeye aliitaka tamu. Nikagundua nalala kimshazari, kitanda kizima changu. Nikagundua kwamba ninaimba, na ninaimba vibaya, na jirani akilalamika namwambia azibe masikio. Wateja wengine walipungua mezani. Waliobaki wanakuja kwa ajili ya tempe, nasi tunagombana vizuri tu.

Mama mkwe habari zilimfikia, zikamfurahisha. Alinifuata mpaka sokoni. "Kumbe ulimroga mwanangu! Mwanangu alikuwa mpole, sindano zako ndizo zilizomtia ukichaa!"

"Sindano zilimleta, mama," nikamjibu mbele ya watu. "Ngumi alikuja nazo mwenyewe, toka kwenu. Unanunua tempe au hununui?"

Hakununua.

Siku ya arobaini nilimpelekea Mbah Rukini bunda la tempe, shukrani yangu. Sikuwa nimemwona mwezi mzima. Walisema hakwaruzi watu tena. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Ukuta ulikuwa umezibwa kwa mianzi mipya. Alifungua mlango kidogo, akatazama nyuma yangu, kisha akaniruhusu.

Alikuwa amepaka wanja. Amejifunga mtandio shingoni, joto lote lile. Mezani vikombe viwili, na wali umefunikwa.

"Una mgeni, Mbah?"

"Kaa kidogo tu. Halafu uende."

Alipoinama kumimina chai mtandio ukateleza. Shingoni alama nne upande huu, moja upande ule. Nyeusi.

"Hii nini?"

"Niliteleza bafuni."

Uongo ule naujua. Nimeusema mimi, kwa sauti ileile, nikimimina chai vilevile. Nilimrukia, nikamgeuza shingo kwa nguvu. Ukosini, vidonda vitatu vidogo vimeshafunga.

"Mbah! Uliniambia utazitupa!"

"Wewe hukuzitaka!" Alinisukuma, akanipiga kofi, bibi kizee yule, nikaona nyota. "Hukuzitaka, sasa unanionea nini? Unajua mwenyewe anavyoita. Unajua! Miaka ishirini, Ngatinah, hakuna aliyekuja mlangoni kwangu ila mwenye mgongo unaouma."

"Atakuua."

"Hanipigi kila siku."

Adhana ikaanza. Alinishika mkono, akanikokota hadi mlango wa jikoni, akanitoa nje, akatia komeo. Nilibaki kwenye giza linaloingia, nimeshika bunda langu la tempe kama mwombaji.

Adhana ikaisha.

Srrr... srrr... upande wa mbele. Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

"Dik..." ile sauti, ule upole. "Dik Rukini..."

Kisha kofi. Kikombe kikapasuka. Niliupiga mlango kwa mateke, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka na taa na mapanga. Tulipozunguka mbele, Mbah alikuwa kizingitini peke yake, mtandio umekaa sawa, damu kwenye meno.

"Mnanijazia watu wa nini?" akasema. "Nimeteleza."

Wakanitazama mimi. Wakarudi makwao.

Tangu hapo kila magharibi nakwenda, nagonga ule mlango wa jikoni, namwita kwa jina. Hajafungua. Imamu anasema nina moyo wa huruma, kumbe alikosea kunifikiria vibaya. Ni kweli, ni huruma. Lakini mimi sidanganyi watu. Ndani sauti ikianza kusema "Dik", kabla haijamalizia, mkono wangu huacha kugonga, nami husimama pale gizani nisipumue, nikisubiri kusikia ni jina la nani.