Fundi Friji na Sauti ya Kifaru

“Nifute.”

“Nini?”

“Nifute! N-n-nitoe humo ndani ya kifaru wako. Sauti, mdomo, kila kitu!”

Maneno hayo yalisemwa kwenye korido, nje ya ukumbi, watu bado wamekaa ndani gizani wanaangalia filamu. Aliyesema ni Fundi, kijana anayetengeneza mafriji na asiyekosa sababu ya kupita kwetu, siku hiyo kavaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikono imetoa mistari. Aliyeambiwa ni mjukuu wangu wa kike, mchoraji wa katuni. Tunamwita Wino tangu darasa la kwanza, kwa sababu ya vidole vyake ambavyo havijawahi kuwa safi hata siku ya sikukuu. Mimi nilikuwa nyuma yao na mkoba wa Wino mkononi.

“Kwani kosa langu nini?” Wino akauliza.

“Unaniuliza k-kosa? Siku tunarekodi ulisema nini? Nilikwama, ukasema usijali, tutarudia, nitachukua zile safi. Ulisema, hukusema?”

“Nilisema.”

“Tukarudia mpaka koo likanikauka. Nikakupa safi. Halafu umechukua zipi?”

Wino akaangalia mlango wa ukumbi.

“Umechukua zipi, Wino?”

“Ulizokwama.”

“Ukumbi mzima watoto wananicheka!”

“Walicheka mwanzo tu. Ungekaa kidogo ukaona mbele...”

“Nimechekwa darasani, nimechekwa m-mtaani, nimechekwa na wateja kwenye simu. Sikujua kama na wewe utanichora nichekwe kwenye kitambaa kikubwa kama ukuta.”

“Sikukuchora uchekwe. Wallahi sikukuchora uchekwe.”

“Ungeniuliza.”

 Fundi akageuka, akaondoka, viatu vyake vipya vikilia kwenye sakafu mpaka mlango wa nje.

Nilirudi ndani kuchukua mtandio wangu, ndipo nikaona alichokikosa yule kijana. Kwenye filamu ile kifaru ni kondakta wa treni. Mkubwa, mabega yanagusa pande zote za behewa, lakini akitangaza kituo anakwama, na abiria wanacheka. Sasa usiku mmoja daraja limekatika mbele, taa zimezimika, watu wanakanyagana. Kifaru anasimama katikati ya behewa, anashika kofia yake, anasema, “M-m-m-msiogope. Nipo.” Neno lile lilichukua muda kutoka. Na watoto wale wale waliokuwa wanacheka walikuwa wameshika viti vya mbele yao, midomo imefunga kama ya kifaru, wanalisukuma litoke. Lilipotoka, kuna katoto kamoja kalipumua kwa nguvu mpaka mama yake akakaangalia.

Lakini Fundi alikuwa ameshafika barabarani.

*

Tulipofika nyumbani Wino hakuvua hata viatu. Alienda moja kwa moja chumba cha nyuma, ndiko anakofanyia kazi. Nikamfuata na maji ya kunywa, nikamkuta ameshika simu. Akanisomea alichoandika:

“Nimekosa. Nilikuahidi na sikutimiza. Kuanzia kesho nafuta kila ulipokwama, naweka zile safi. Na zile za kukwama nazifuta kabisa, hata sauti yake haitabaki.”

Jibu likaingia muda huo huo. Lilikuwa neno moja: “Sawa.”

“Basi?” nikasema. “Sawa tupu?”

“Sawa tupu, Bibi.”

“Na utafuta kweli?”

“Nitafuta.”

Ili mjue nilivyoumia, lazima mjue kazi ile ilivyofanywa. Mtu akiona katuni inaongea anadhani mashine inaongea yenyewe. Siyo. Sauti hurekodiwa kwanza, halafu mchoraji anaisikiliza kipande kwa kipande na kuuchora mdomo unavyofunguka kwa kila kipande. Wino ana kioo kidogo cha mkononi mezani. Ukipita mlangoni unamkuta anafungua mdomo na kufunga kama samaki, anajitazama, anachora, anafuta, anajitazama tena. Neno moja tu la yule kifaru lilimchukua tangu asubuhi mpaka nikamwita kula, naye hakuja. Nikimwambia, “Mke mwenza, chakula kinapoa,” ananijibu, “Bibi, namalizia mdomo wa juu.” Ni mtoto mwenye subira ya ajabu. Mimi nimeshona vitambaa vya makochi maisha yangu yote, lakini subira ile sina.

Sasa akaanza kuvunja alichokijenga. Siku zikapita anafuta tu. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

“Mke mwenza, ungempigia simu hata mara moja.”

“Nimwambie nini? Kazi haijaisha. Ikiisha nitampelekea aone, basi.”

“Na asiporudi?”

“Asiporudi atakuwa hayumo ndani ya kitu asichokitaka. Hilo nilimnyang’anya, Bibi, lazima nimrudishie.”

Nikaona hapa hakuna mtu wa kuanza. Mmoja ana aibu, mwingine ana hasira, na wote wawili wana adabu mno. Nikaenda jikoni, nikasogeza kiti, nikafanya nilichofanya. Halafu nikachukua simu yangu.

“Haloo, Fundi? Friji langu limekufa.”

“L-limekufaje, Bibi?”

“Kimya. Halisemi kitu. Na nyama imo ndani.”

“Wino yupo?”

“Nakuita uje kutengeneza friji au kuhesabu watu?”

Akaja na begi lake la vifaa. Akagonga mlango polepole, kama mtu anayetaka asisikike.

“Hodi.”

“Karibu, baba, pita.”

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Kumbe bado upo duniani?”

“Nipo. K-kazi tu.”

“Kazi za mafriji ya wengine, langu linakufa.”

Akacheka kidogo, akalivuta friji kutoka ukutani, akachuchumaa nyuma yake. 

“Bibi.”

“Naam.”

“Huu waya umechomolewa.”

“Sema kweli!”

“Umekunjwa vizuri, tena umefungwa na k-kitambaa.”

“Panya wa siku hizi, baba, wanajua kazi.”

Akainua kichwa juu ya friji, akaniangalia. Nikamwangalia. Ikawa sasa nani atacheka kwanza, na ningecheka mimi, kama simu ya Wino isingelia chumba cha nyuma. Mikono yake ilikuwa na kazi, akaiweka sauti ya nje, nasi jikoni tukasikia. Alikuwa bosi wake wa studio, mtu asiyejua kuongea polepole.

“Wino! Nimefungua ulichotuma. Behewa lote la gizani umelifuta! Umerogwa?”

“Mwenye sauti hataki, bosi.”

“Mwenye sauti alirekodi kwa hiari yake.”

“Alirekodi kwa ahadi yangu. Nilimwambia nitatumia zile safi.”

“Zile safi ni za kutangazia vipindi! Ile ya kukwama ndiyo iliyowanyamazisha watoto. Ile ndiyo filamu. Irudishe.”

“Haipo tena. Nimeifuta, hata nakala ile ya ukumbini.”

Bosi akapiga meza. 

“Unajua televisheni wanaisubiri? Ukichelewa wanaweka kitu kingine, na jina lako nani atalikumbuka?”

“Sitachelewa.”

“Na ikitoka mbovu?”

“Itatoka mbovu, na jina langu litakuwepo. Lakini haitakuwa na kitu cha mtu nilichochukua bila ruhusa yake. Bosi, naomba nikate, nina mdomo wa kumalizia.”

Fundi alikuwa bado amechuchumaa, waya wangu mkononi.

“Chomeka basi tusikie,” nikamwambia.

“Nikichomeka nitakuwa nimemaliza k-kazi, Bibi. Nitaondoka.”

“Kwani nani amekuharakisha?”

Akauweka waya chini. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Nikamfuata, maana nyumba ni yangu.

Wino aligeuka na penseli mdomoni. Penseli ikaanguka.

“Umekuja lini?”

“Nimekuja k-kwa friji.”

“Friji lina nini?”

“Lina bibi.”

Hakucheka, wala Wino hakucheka. Fundi alikuwa anaangalia ukuta. Ukuta ule umejaa karatasi zimebandikwa kwa selotepu, safu kwa safu, na kila karatasi ina mdomo. Mdomo umefunga. Mdomo umefunga zaidi. Mdomo unatetemeka pembeni. Zilikuwa karatasi za mazoezi, zile za mwanzo kabisa, kabla hajachora kifaru mwenyewe.

“Hizi ni za nini?”

“Nitazitoa na hizo. Sijafika huko.”

“Nimeuliza ni za nini.”

“Ni ‘m’ yako.”

“Yangu mimi?”

Wino akasimama, akaenda ukutani. Akaanza kuonyesha kwa kidole kilekile chenye wino.

“Hapa ndiyo unaanza, midomo imekutana. Hapa pumzi imefika lakini mlango haujafunguka. Hapa unajua kwamba umekwama. Hapa hasira. Hapa unaiacha hasira, unashusha bega. Hapa jicho la kushoto linafumba kidogo. Halafu ndiyo linatoka.”

“Mimi n-nafumba jicho?”

“La kushoto. Kila mara.”

Fundi akalishika jicho lake kama ndiyo kwanza amepewa.

“Nikikwama watu huangalia v-viatu,” akasema. “Mama yangu huangalia dirisha. Mwalimu alikuwa anaangalia saa. Sijui hata mimi mwenyewe ninavyoonekana. Wewe umekaa ukaangalia hii yote?”

“Kila siku. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.” Akashusha kidole. “Na nilikosea kutokukuuliza. Hayo ni mambo mawili, na la pili halifutwi na la kwanza.”

“Niulize sasa.”

“Nikuulize nini?”

“Niulize.”

Wino akavuta pumzi.

“Naomba kifaru aongee kama wewe. Unakubali?”

“N-nakubali. Nionyeshe ule mwisho niliokosa.”

“Haupo, Fundi. Nimeufuta, na sauti yake. Ulisema kila kitu.”

 Kijana akatazama huku na huku, akavuta kiti.

“Basi turekodi upya.”

Wino akatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za nje, akaivisha maiki soksi ili isinase pumzi, akavaa hedifoni masikioni, akainama kwenye mashine.

“Tayari. Sema.”

“Msiogope. Nipo.”

Safi kama maji ya chupa.

“Tena.”

“Msiogope. Nipo.”

“Fundi, unanifanyia makusudi?”

“Naapa! Maisha yangu yote linanikaba, leo nalitaka limeenda matembezi!”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akajaribu kuigiza, “M-m-m-m,” kama pikipiki inayokataa kuwaka. Wino akatikisa kichwa.

“Huyo si wewe. Jicho halijafumba.”

“Siku ile ya kwanza ilikuwaje?” nikauliza.

“Siku ile alikuwa ananiangalia, Bibi. Leo anaangalia m-mashine.”

Wino akavua hedifoni. Akageuza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaweka mikono mapajani, akamtazama. Hakutabasamu, hakumtilia neno mdomoni, hakupepesa.

“M-m-m...” Fundi akaanza. Nikaona bega linapanda. Nikaona linashuka. “M-m-msiogope.” Jicho la kushoto. “Nipo.”

Wino alijua limepatikana, lakini hakugeuka kuzima mashine, kwa sababu Fundi hakuwa amemaliza.

“Na n-n-n... na n-n-nataka...”

Lilikuwa refu, jamani. Lilipanda, likakwama, likarudi nyuma, likaanza tena. Mtu mwingine yeyote angemmalizia kwa huruma. Mimi mwenyewe ulimi uliniwasha. Mjukuu wangu alikaa palepale, akampa muda wote alioutaka.

“...n-nataka k-kukuoa.”

Midomo ya Wino ikafunguka, lakini sikusikia kilichotoka. Vigelegele vyangu vilikuwa vimeshatangulia.

*

Kesho yake asubuhi tulikuwa wote watatu mezani, friji linanguruma vizuri, Fundi anachonga penseli kwa kisu chake cha kazi, Wino ameshaanza kuchora bega la kifaru kwenye karatasi huku chai inapoa. Bosi akapiga.

“Wino, sauti nimeipata. Sina la kuongeza. Nimezungumza na televisheni, wamekusogezea wiki moja. Inatosha?”

“Inanitosha na kubaki.”

“Ila kuna kitu sikielewi. Kifaru akishasema ‘nipo’, kuna mwanamume anaposa, halafu kuna bibi anapiga vigelegele mpaka spika zangu zimepasuka. Nikate?”

“Kata hapo, bosi. Hicho si cha filamu. Halafu nitumie hicho kipande.”

“Nitakutumia. Lakini vigelegele vimefunika kila kitu, nimerudia kusikiliza mpaka mke wangu kaniuliza kulikoni. Wewe ulimjibu nini?”

Fundi akaacha kuchonga.

Wino akamtazama, akaisogeza simu karibu na mdomo ili asikike vizuri.

“Nilimjibu ndiyo, bosi. Na sasa hivi namjibu tena.”